Saluni Nyeusi ya Mtoni

Nilipofungua saluni pale Mtoni, pembeni ya barabara ya Kilwa, nilitaka watu waione tangu mbali. Nilinunua kontena kuukuu, yale ya kubebea mizigo melini, nikamwita fundi akalikata mlango na kuweka dirisha moja kubwa la kioo. Dirisha nililiamuru liwe upande wa magharibi, kwa sababu ndiko barabara iliko. Kwamba jua nalo huenda kuzama upande huo huo, na kabla ya kuzama hupenda kuchungulia kila kilicho wazi, hilo halikunijia kichwani. Kisha nikataka kontena lipakwe rangi nyeusi ya kung'aa, maandishi ya dhahabu juu yake.

"Sista, una uhakika na nyeusi?" fundi rangi aliniuliza.

"Nyeusi ndiyo rangi ya watu wa mjini," nikamjibu.

Akapaka. Yeye alishalipwa, na ndani ya kontena hatakaa yeye.

Nilifungua wakati wa kipupwe, upepo wa kusini ukipita barabarani, na kila aliyeingia alinisifu. Nilipiga picha nikiwa nimeegemea ukuta wangu mweusi, nikawatumia ndugu zangu wote. Desemba ilipofika, nisingeuegemea ukuta ule hata kwa kulipwa. Ukigusa kitasa cha mlango, unakiachia. Mafuta mgando ya nywele yalikuwa maji matupu, unayamimina kama ya kupikia. Wateja wa kusuka, ambao kazi yao huchukua nusu siku, walianza kuomba wasukwe nje, kichwa ndani ya kivuli cha mlango na miguu barabarani.

Mie sikukubali kwamba nimejenga tanuri. Nilisema tatizo ni hewa haizunguki, nikanunua feni. Feni ikawa inachukua joto la kona hii inalipeleka kona ile. Nikatundika gunia lililoloweshwa maji dirishani, maana nilisikia redioni kuwa maji hupoza. Mahali penye upepo yanapoza kweli. Ndani ya kontena lililofungwa, sie tulipikwa kwa mvuke kama ndizi. Mteja mmoja alitoka na nywele zilizonyooshwa, na kabla hajavuka barabara zilikuwa zimesharudi kujikunja.

Hapo ndipo nikanunua kiyoyozi cha mtumba. Kile kisanduku cha nje, kinachotoa joto, kilielekea banda la jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akipika chapati na maharage. Siku ya kwanza tu alinijia mlangoni, mwiko mkononi.

"Mwanangu, jiko langu moja linanitosha. Hili lako la pili sikuliomba."

"Shikamoo mama. Hilo si jiko, ni kiyoyozi."

"Marahaba. Kwako wewe kiyoyozi. Njoo usimame hapa ninapokaangia mie, halafu uniambie ni nini."

Sikwenda. Nilimwambia nitalishughulikia, nikafunga mlango ubaridi usitoke. Nilijiona nimelishinda joto la mji, kumbe joto langu nilikuwa nimemtupia yeye tu, kama mtu anayefagia uwanja wake akaacha taka mlangoni kwa jirani.

Jumamosi moja ya Februari nikaletewa bibi harusi. Alikuja na shangazi yake na somo wake, yule mama anayemfunda. Ndoa ilikuwa inafungwa msikitini baada ya alasiri, kisha bwana harusi aje kumchukua mkewe nyumbani kwa shangazi. Kazi yangu ilikuwa kumpamba. Nilimpamba nikijisemea kwamba baada ya leo nitaitwa mpaka Kinondoni. Poda ikakaa, kope za bandia zikakaa, wanja ukanyooka. Shangazi alikuwa anapiga picha kila ninapoinua brashi.

Bado kupiga pasi shela tu. Draya ilikuwa inawaka kwa ajili ya nywele za shangazi, feni inazunguka, kiyoyozi kinanguruma. Nikachomeka pasi. Swichi kubwa ikalia "ta!" na kila kitu kikanyamaza. Niliirudisha swichi, taa zikawaka, feni ikaamka, lakini kiyoyozi kilitoa harufu ya plastiki iliyoungua na hakikunguruma tena mpaka leo.

Jua nalo lilikuwa limeshafika dirishani.

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukihama. Ilianza poda pale kwenye paji, ikafanya mifereji. Halafu wanja. Kisha kope ya kushoto ikachomoka taratibu, ikatelemka, ikatua shavuni kama mdudu aliyechoka.

Somo akauliza, "Mwari analia?"

"Silii," bibi harusi akasema bila kufumbua mdomo sana, "nayeyuka."

Nikafuta, nikapaka upya, yote yakatelemka upya. Jasho langu mwenyewe likawa linamdondokea. Shangazi akaacha kupiga picha, akaitia simu mkobani. Mwisho akasema, "Dada, bwana harusi akimwona hivi atauliza yuko wapi yule aliyemposa."

Duka la tatu kutoka kwangu lilikuwa la samaki wa barafu. Mwenyewe ni mzee wa Kiarabu ambaye familia yake imefanya biashara mtaa ule tangu mie sijazaliwa. Duka lake kuta nene, ndani mafriza yamejipanga, na chumba cha nyuma ambako anashushia barafu ni baridi. Nilikimbia na ndala zangu.

"Shikamoo mzee. Naomba chumba chako cha nyuma. Nina bibi harusi."

"Marahaba. Amefariki?"

"Hapana, mzee! Nataka kumpaka poda."

Alinitazama, akatazama kontena langu kule, akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza lingine.

Basi nilimpamba bibi harusi akiwa amekaa juu ya kreti, kazungukwa na maboksi ya vibua. Poda ilishika kama imegongwa misumari. Kope hazikutikisika. Alipendeza kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumpamba, na alinuka kama soko la feri asubuhi. Somo alitoa udi kwenye mkoba wake, akaomba chetezo chenye makaa kwa mama wa chapati, tukamfukiza shela, mikono, mpaka viatu. Ikawa harufu ya vibua waliofukizwa udi.

Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi nikamsihi aache, kope zisije zikaanza safari tena. "Atanipenda hivi hivi," akasema, "kwao Kigamboni wote wavuvi."

Walipoondoka nilimrudishia mama wa chapati kile chetezo cha makaa. Nilisimama pale anapokaangia, mbele ya kisanduku changu kilichokufa, nikaona ukuta wa banda lake jinsi ulivyobabuka rangi upande ule. Nikamwomba radhi. Alisema, "Haya," akageuza chapati.

Wiki iliyofuata niliagiza makuti kutoka Mkuranga. Fundi alisimamisha nguzo, akaezeka juu ya kontena bila kuligusa, hewa ipite katikati. Dirisha nikaliwekea kibaraza cha kulikinga jua, tukatoboa matundu juu upande wa pili joto lipate pa kutokea, na ile nyeusi yangu ikafunikwa na nyeupe. Dhahabu haisomeki kwenye nyeupe, kwa hiyo hata jina lilipotea. Dada yangu alipokuja aliuliza lini nilianza kufuga kuku.

Siwezi kusema ndani pamekuwa na baridi ya Lushoto. Februari bado ni Februari, na mchana wa saa nane tunavuja jasho kama watu wengine wote wa Temeke. Ila mtu anakaa, anasukwa mpaka mwisho, na uso wake anaondoka nao. Makuti yamevuka mpaka hadi juu ya banda la jirani, naye ameleta benchi lake.

Ishu niliyonayo sasa ni kwamba wateja hawaondoki. Juzi mmoja nilimmaliza kabla ya adhuhuri, akaagiza chapati, akala, akavua viatu, akalala kwenye kiti changu cha kuoshea nywele. Wengine wakajaza viti vilivyobaki wakipiga umbea. Mie mwenye saluni nilikula chakula changu cha mchana nikiwa nimekaa juu ya ndoo.