Fundi Aliyekataa Kuezua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yaw Amponsem amekaa juu ya paa la nyumba isiyo yake, nyundo mapajani, anakula bagia. Chini, mwenye nyumba, Mzee Gyimah, anafoka.

"Nimekuita uezue, siyo uje kunywa chai!"

"Mzee wangu, bagia zikipoa hazina ladha."

Katika mtaa huu wa Kumasi, Ghana, mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji hahangaiki na mahakama. Humwita fundi ashushe mabati "kwa ukarabati", kisha husubiri mvua. Siku mbili tatu, mpangaji anaondoka mwenyewe na watoto wake. Ni ushenzi mtupu, na sisi tunaoishi hapa tumeuzoea mno.

Chini ya paa hili anaishi Pokuaa, muuza nyanya, na binti zake wawili. Kodi yake imelipwa hadi Desemba. Kosa lake ni kwamba amejitokeza mtu wa kulipa maradufu. Afriyie, binti mkubwa, anaanza mtihani wa taifa Jumatatu.

"Nikikimbilia kwa dada yangu kule mji wa Techiman, mtoto atafanyia wapi mtihani? Jina lake liko shule ya hapa," anasema Pokuaa. "Sitoki. Labda wanibebe na kitanda changu."

Yaw, mwenye miaka hamsini na miwili, hapendi kusifiwa. Kwa miaka kumi na tisa aliezua bila kuuliza. Kazi ya kawaida humpa cedi themanini kwa siku. Kuezua nyumba moja, mia sita.

"Mwaka juzi nilishusha mabati ya familia moja, mvua ikanyesha jioni ile ile," anasimulia. "Kesho yake nikafuata ngazi yangu, nikakuta mtoto anaanika madaftari kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Akaniamkia vizuri tu, 'Shikamoo, fundi.' Bora angenitukana."

Tangu siku hiyo haezui nyumba yenye mtoto wa shule, na amewabana wenzake pia. Fundi anayeikubali kazi hiyo haazimwi ngazi, wala hasaidiwi kubeba mbao. Leo Yaw amepanda kwa sababu moja tu: kuongeza misumari.

"Nimewafuata mafundi wanne, wote wana malaria!" analalamika Mzee Gyimah. "Wanne, siku moja!"

"Mbu wa mwaka huu wakali, mzee."

Mzee anavua viatu, anaanza kupanda mwenyewe. Yaw hamzuii. Anamnyooshea nyundo.

"Karibu. Anzia hapa. Hapa chini ndipo anapolala Afriyie."

Afriyie mwenyewe ametoka na sare ya shule. Anaweka mkoba chini, anaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Polepole, babu. Hii ngazi inateleza."

Mzee anasimama kwenye kidato cha nne. Kisha anashuka.

Yaw ananiambia kuwa kabla ya mvua kubwa atapita kwa mafundi wa mitaa yote ya Kumasi, mmoja mmoja, mpaka mwenye nyumba akose pa kumpata mtu wa kuezua.

"Namwachia amalize mtihani tu," Mzee Gyimah anapaza sauti, akitafuta kiatu chake. "Akimaliza, napanda!"

"Akimaliza huyu, kuna mdogo wake," anajibu Yaw, huku akipigilia msumari mwingine. "Yuko darasa la pili."