Kahawa Iliyobaki Mfukoni mwa Shaban

Kwa miaka sita Gamaliel alitunza maktaba ndogo ya Bukoba, chumba kimoja chenye rafu nne na dirisha la kutazama ziwa. Lakini moyo wake haukukaa chumbani mle. Ulisafiri na sanduku la bati alilolipakia kila mwezi juu ya basi, likapita Muleba na Kagoma, kisha likabebwa kwa baiskeli hadi Ngenge. Vitabu thelathini vilikwenda, thelathini vikarudi vikinukia moshi wa jikoni. Safari ya mwisho kimoja kilirudi na karatasi ya Kokuberwa, mjane wa Ngenge aliyejifunza kusoma ukubwani: “Bwana Maktaba, nimebakiza kurasa kumi na mbili. Usimpe mtu mwingine. Nirudishie.”

Masika ya mwaka 1956 ikaja barua kutoka Nairobi. Watunza maktaba wangekutana siku nne. Meli hadi Kisumu, treni, malazi na ada: shilingi mia mbili. Kamati ya maktaba ilikuwa na hizo hizo tu kwa mwaka mzima, na ndizo zilizolilipia sanduku nauli.

Kamati ilikutana alasiri, mvua ikinyesha. Mwenyekiti, Mwalimu Rugaibula, aliisoma barua kwa sauti ya kanisani.

“Mwanza watapeleka mtu. Kampala watapeleka mtu. Sisi tupeleke salamu?”

Wajumbe wakacheka. “Gamaliel aende, arudi na tai!”

Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikaanza kuzunguka. Kamati ile haikupiga kura. Shauri likishasemwa, kila mmoja alichukua punje akatafuna, na wote wakishatafuna, shauri limefungwa. Gamaliel aliijua desturi hiyo vizuri kuliko wote, maana ndiye aliyeandika maamuzi. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kikapu tangu utotoni, na mawazo yake yalikuwa Ngenge, kwenye zile kurasa kumi na mbili. Alipozinduka, uchungu wa kahawa ulikuwa umeshajaa ulimini. Amekubali! Na kutema mbele ya wazee, atawezaje?

“Limefungwa,” akasema Mwalimu, akifunika kikapu.

“Bado, Mwalimu.” Shaban, fundi cherehani wa sokoni, alifungua kiganja. Punje yake ilikuwa nzima. “Nimefunga. Yangu nitaitafuna jua likizama. Mpaka hapo shauri liko wazi.”

“Ee Shaban! Kila Ramadhani unatuchelewesha.”

“Na kila Ramadhani mnatafuna mbele ya macho yangu. Nivumilieni na mimi.” Kisha akamgeukia Gamaliel. “Mwanangu, umeitafuna kama kwinini. Kwenda wataka?”

Gamaliel akasimama.

“Wazee wangu, mmenipa heshima. Nairobi naitamani, sidanganyi. Lakini nikienda, sanduku litakaa humu hadi mwakani. Huko nitasimulia nini juu ya wasomaji niliowanyima vitabu?”

Akaitoa karatasi ya Kokuberwa, akaisoma.

“Kurasa kumi na mbili tu?” Mwalimu akauliza. “Na kitabu kiko wapi?”

“Sandukuni, Mwalimu. Kinangoja basi.”

Mzee alikuna kidevu, akaitazama barua, akaikunja.

“Basi waandikie watuletee hotuba zao kwa posta. Stempu hatushindwi.”

Akafunua kikapu upya. Safari hii Gamaliel aliichagua punje yake taratibu. Shaban alitia yake mfukoni.

Jua lilipokaribia kuzama Gamaliel alikuwa kibarazani kwa fundi, amekaa ukingoni mwa benchi. Adhana ikasikika. Shaban akala tende, akanywa maji, akaingiza mkono mfukoni bila haraka yoyote.

“Mzee Shaban, utaniua,” Gamaliel akasema.

Mzee akacheka, akatafuna.

“Limefungwa. Kapakie sanduku lako.”

Gamaliel aliinuka benchini. Akarudi maktaba kwa miguu myepesi, akakitoa kitabu cha Kokuberwa chini ya vingine, akakiweka juu kabisa, ndipo akafunga kamba.