Kona Niliyoinyamazia

Mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule ikaishia hapo, darasa la pili. Nikaziba pancha za watu kando ya barabara mpaka vidole vikawa kama msasa. Sikusaidiwa na mtu. Hayo nayaandika bila aibu. Aibu yangu iko kwingine, na ni ya hapa hapa Sydney.

Kazi yangu ni kukokota magari yaliyopata ajali. Wenzangu hutazama utabiri wa hali ya hewa wajue watavaa nini. Mimi hutazama nijue nitakula nini. Ikitangazwa mvua ya Julai, upepo mkali na barabara kujaa maji, moyo wangu hufurahi kabla sijauzuia.

Jumapili moja majira haya ya baridi tulikuwa kwenye maombi mtaa wa Lidcombe, nyumbani kwa mama mmoja wa kanisa letu. Tukiwa tunakunywa chai, simu zikalia karibu zote pamoja: dhoruba inakuja jioni, asiye na safari ya lazima abaki nyumbani.

"Mzee, mshahara wako huo umeingia!" akasema kijana mmoja. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mama mwenye nyumba akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niwaombee wanaosafiri. Nikafumba macho. Nikamwambia Mungu awalinde barabarani, na huku kichwani nimeshaliegesha lori langu nyuma ya viwanda vya mtaa wa Seven Hills, kwenye kona moja niijuayo. Wakaitikia amina. Mimi haikunitoka.

Mke wa mpwa wangu akachukua funguo. Anahudumia wazee huko Seven Hills, na shifti yake ilikuwa karibu kuanza.

"Unapita wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma ya viwanda, mjomba. Njia kuu itakuwa imejaa magari."

Ningeweza kumfuata nje nikamnong'oneza. Nilifikiria hivyo, sitadanganya. Lakini nusu ya waliokuwa pale sebuleni huipita njia hiyo.

"Usipite. Kuna kona pale maji hayaondoki, na mafuta ya malori yanaelea juu. Ukikanyaga breki, gari linakwenda linakotaka."

"He! Umejuaje?"

"Mimi hukaa pale mvua ikinyesha. Nangoja."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika birika. Majira ya baridi yaliyopita gari lake liligonga ukuta pale pale, akavunjika mkono. Nilimfikia kabla hajamaliza kupiga kelele. Baadaye alisimama kanisani akanishukuru mbele ya watu wote, na yale makofi niliyapokea.

"Kumbe ndiyo maana ulifika upesi," akasema. Akaliweka birika chini. "Mzee, ulikuwa unaniangalia nikija?"

"Nilikuwa naangalia gari lolote," nikasema, na hilo likawa baya zaidi.

Hakuna aliyecheka tena.

Jioni ile nililisimamisha lori kabla ya kona, taa zote zikiwaka, nikawa nawarudisha wenye magari kwa mkono huku mvua ikinipiga usoni. Mke wa mpwa wangu alipita njia kuu, akachelewa kazini, lakini alifika mzima. Asubuhi nikawapigia wanaoshughulikia barabara. Wakaniuliza ni wapi, nikawaeleza. Basi. Haukupita muda mrefu wakaja wakachimba mtaro. Simu moja tu, na mimi nilikuwa nimeinyamazia kona ile miaka mingi.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, yangu mwenyewe. Nina suti mbili, kitanda kizuri, na boksi la spana nililoanza nalo. Nina lori moja. Yalikuwa mawili, la pili nililinunua kwa pesa za kona ile, nimeliuza. Pesa zake nilimpelekea yule mama, akazikataa mlangoni. Ziko benki. Hizo nazo ni zangu.