Maji ya Uvuguvugu

Nesi wa dirisha la dawa hakumruhusu mtu kuondoka na klorokwini, dawa ya malaria, mkononi. Alichanganya maji ya chupa ya chai na ya mtungi, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kama anayempozea mtoto uji. "Ya moto yanayeyusha kidonge ulimini, uchungu unakutapisha! Ya baridi yanakaba koo! Uvuguvugu! Meza! Fungua kinywa!" Sauti ilifika kivukoni. Makoye, mfugaji aliyewahi kumfukuza simba zizini kwa fimbo, alimwogopa nesi kuliko simba.

Masika yale homa ikamshika nesi mwenyewe, akatetemeka ndani ya kanga tatu. Foleni nzima ikachangamka. Makoye akampa kidonge, akatwaa kikombe, akajidondoshea tone. "Uvuguvugu, mama. Meza." "Ya moto hayo!" Akaongeza ya mtungi. "Sasa yamepoa mno!" Akaongeza ya chupa. Nesi akafumba macho, akapeleka mkono mdomoni, akagugumia maji, akafungua kinywa: kitupu! Vigelegele vikalia. "Na kiganja, mama," akasema Makoye, maana hila hiyo aliitumia mwenyewe juzi. Nesi akakunjua vidole kimoja kimoja. Kidonge hicho hapo, kimelowa jasho. Akaangua kicheko, nacho kikafika kivukoni.