Mwenye Andiko Asubiri Nje

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya mtihani, mwanangu: siku niliyokunywa soda ya hospitali na bado nikakataa. Ndiyo, nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, wewe uko kidato cha kwanza na unakwenda kukalia kiti changu, kwa hiyo leo mimi ndiye mzee wako. Cheka, halafu usikilize.

Hospitali moja huku kwetu Korogwe ina desturi nzuri. Daktari au muuguzi akitaka kufanya utafiti, andiko lake husomwa kwanza na wenzake wa hapo hapo, waseme palipo na kasoro kabla hajaomba kibali huko juu. Jina lake hufutwa, na siku ya kulijadili yeye husubiri nje, ili watu wasiseme kwa kuangalia uso. Likihusu wanafunzi, mwanafunzi mmoja naye huitwa asome. Ndiyo kiti chenyewe.

Siku hiyo andiko lilihusu wanafunzi wa Korogwe na Handeni wenye selimundu, ule ugonjwa wengi tunauita siko seli: kwa nini wanakosa shule. Swali zuri. Lakini ndani mlikuwa na mpango kwamba kila Jumatatu majina yao yasomwe mstarini, kisha waende ofisi ya walimu kupimwa damu. Mstarini, mwanangu. Mbele ya shule nzima.

Nina rafiki mwenye ugonjwa huo. Jina lake sikutajii hata wewe. Akibanwa na maumivu hulala nyumbani siku kadhaa, akirudi anasema alikwenda Handeni kwa shangazi. Shule nzima inaamini ana mashangazi wengi kama kuku wa kienyeji. Shule ya msingi walijua, wakamwita marehemu mtarajiwa. Aliniambia kabisa: wakijua na huku, haji tena.

Basi nikaingia kikaoni. Jina limefutwa kweli, ila mwenyewe amekaa kiti cha mbele: daktari mkubwa wa pale. Kila mtu alijua ni lake. Ndiye aliyetununulia soda. Nani amwambie mkubwa atoke? Ikawa zamu kwa zamu: liko vizuri, naunga mkono, mwenzangu kamaliza yote. Mzee mmoja wa maabara alisifu hata herufi zilivyonyooka.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikampa daktari shikamoo, akaitikia marahaba. Adabu kwanza, haijawahi kumzuia mtu kusema.

"Dokta, naomba utaratibu ufuatwe," nikasema. "Mwenye andiko asubiri nje."

Mzee wa maabara akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu nimelisikia, ila guu litakalovunjika si la yeyote aliyekaa humu. Nikaeleza habari ya mstarini: jina likisomwa asubuhi, kufika saa ya uji hata muuza maandazi wa getini analo.

Daktari hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Kijana, shuleni kwenu unamjua nani anayeogopa hivyo? Mtaje, tumsaidie."

Nilijua jina moja tu likinitoka, nimeshinda.

"Nikimtaja, Dokta, nitakuwa nimemsoma mstarini."

Sista Mwanaidi, muuguzi aliyeongoza kikao, akafunika andiko. "Daktari," akasema, "mtoto kasema kweli. Tufuate utaratibu wetu."

Daktari akabeba soda yake akatoka. Mlango ulipofungwa tu, wale wale wa liko vizuri wakaanza kutapika kasoro. Mzee wa maabara akasema damu haichukuliwi kwenye vumbi la chaki, na kwamba hilo aliliona tangu juzi. Tangu juzi, mwanangu!

Andiko likarudishwa, likaandikwa upya. Sasa darasa zima hupita nyuma ya pazia, mwenye selimundu na asiye nayo, na majibu hupewa mzazi. Rafiki yangu alipita akatoka ananicheka, maana mimi sindano iliniliza. Yuko darasani hadi leo. Daktari tukikutana sokoni, marahaba yake siku hizi ni fupi. Na iwe fupi.

Basi ukikaa pale, soda kunywa, haijawahi kuwa mkataba. Shikamoo wape wote, tena kwa sauti. Kisha lililo bovu useme ni bovu. Na mwenyewe akigoma kutoka, sema hivyo hivyo anakutazama. Wakikutupia methali, nawe watupie: mficha uchi hazai, na andiko linaloficha kasoro halizai dawa. Ila siri ya mwenzako si uchi wako, hiyo ifiche hadi kaburini.

Mungu akupe ulimi usioogopa viti vya mbele, na midomo inayojua kufungwa. Nenda, mwanangu. Na ukipewa soda ya pili, mzee wako nipo.