Viganja vya Mama Noa

Mama Noa, jina lake hasa Bertha, ni Mshambaa aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, akaolewa, akafiwa, akatulia Makorora akiuza vitumbua. Hana makuu. Ila tangu mwaka jana, kila Jumapili alikuwa akinitia hasira, na hasira zangu mimi ziko karibu.

Kanisani kwetu, mwisho wa ibada Mchungaji huinua mikono akatuombea ulinzi na amani ya Mungu. Tunaitikia amina tatu, tunatoka kwa wimbo, tunapanga mstari nje na kupeana mikono. Wote. Hata uliyemnunia wiki nzima unampa. Mama Noa, wapi! Wakati wa baraka anatandaza viganja, amina ya tatu anavifumba, huyoo, mbio nyumbani. Siku moja nilibaki nimenyoosha mkono hewani mbele ya kwaya nzima. Aibu iliyoje! Nikasema, kumbe huyu ananiona mimi uchafu?

Nikamshitaki kwa Mchungaji. Ndiyo, mimi Jenifa. Ulimi huponza kichwa, wangu ukaponza cha mwenzangu.

Mchungaji akatuita ofisini. Kwamba mwanawe Noa figo zote mbili zimekufa na madaktari wamemrudisha nyumbani, hilo tulilijua, tulishakwenda kumwombea. Tusilolijua, akalisema mwenyewe pale, ni kwamba alikuwa akimbebea baraka viganjani, akifika anamwekea kichwani, kwa kuwa Noa kanisani hawezi kuja tena. Sasa akipeana mikono na watu mia njiani, mtoto atabakiwa na nini?

Mchungaji wetu ni mpole. Akamweleza taratibu: "Mama Noa, baraka si maji, huchoti ukapeleka. Mwisho wa ibada Mungu anatutuma: nendeni, niko pamoja nanyi. Ukimpa mwenzio mkono pale nje haipungui, ndipo inaanza kazi. Na Noa, Mungu yuko naye kabla hujafika."

Maneno ya kweli, siyatii kasoro. Mama Noa akavitazama viganja vyake.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa sibebi kitu?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Nimekuelewa, Baba Mchungaji. Asante."

Jumapili iliyofuata akatupa mikono sote, mmoja mmoja, na mimi pia. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikamsindikiza mpaka kwake, tunatembea polepole, haraka hana tena.

Noa alikuwa barazani, amekalishwa kitandani, uso umevimba. Kutuona tu, akainamisha kichwa kama walivyozoea. Mama yake akampita, akaingia ndani kuwasha mkaa.

"Mama?" Noa akaita, bado ameinama.

"Nakuja, baba."

Hakuja. Nilimsikia akipepea jiko, akipepea tu.

"Mama, leo hukwenda kanisani?"

Jamani! Moyo uliniuma, ningeweza kuyameza maneno yangu ningeyameza yote. Nikamwambia anyanyue kichwa, shingo itamchoka.

"Acha tu, Mama mdogo," akasema. "Nitamngoja."