Kibao cha Mbuzi Kwenye Boma la Mjerumani

Boma la mji wetu lilijengwa na Mjerumani kwa ajili ya askari wake. Baada ya Uhuru lilikaa na popo miaka kadhaa, kisha ikaja amri kwamba ligeuzwe makumbusho ya mila za watu wa pwani na bara ya Lindi. Mimi nilikuwa msichana mwenye mwandiko mzuri, basi nikapewa ufunguo.

Tatizo lilikuwa vitu vya kuonyesha. Watu wa Sudi walituletea dema la kutegea samaki, wa Kilangala wakatoa ngoma iliyopasuka, tukaishia hapo. Msimamizi wangu, bwana mmoja asiyecheka, alinipa wiki moja nijaze chumba kilichokuwa ghala la bunduki, kabla wageni wa ufunguzi hawajafika. Nikaenda jikoni kwa mama.

Mama alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Kibao kilikuwa kimeng'aa kwa kukaliwa, na meno yake hayakuwahi kumwangusha.

"Nawaazima," akasema. "Wageni wakishaondoka, irudi."

Wageni wakaja, wakaondoka. Mbuzi haikurudi, kwa sababu Msimamizi alikwisha kuiandika kuwa mali ya umma na kuichapia kadi kwa taipureta. Mama, akiwa amechoka kuazima mbuzi butu za majirani, akaja kuitazama yake. Akaniuliza kadi inasema nini, maana hakujua kusoma.

"Inasema ni mbuzi yako, mama, na tunakushukuru kwa kutuazima."

Akaitazama ile kadi kwa mapenzi, akaenda zake. Kadi ilisema: "Mbuzi ya kukunia nazi. Ilitumiwa na watu wa kale."

Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa na uzoefu. Mimi ndiye niliyemsomea mama barua za kaka yangu wa Dar es Salaam, na miaka yote nilikuwa naruka mistari ya kumuumiza na kupachika salamu za kwangu. Nilijiona mtoto mwema sana.

Halafu kikaja kisomo cha watu wazima. Darasa la akina mama wa mtaa wetu likapewa chumba cha pili bomani, ukuta mmoja tu kutoka kwenye mbuzi. Mama akawa wa kwanza kujiandikisha.

Alipojua kusoma "mama" nilimpongeza kwa moyo mmoja. Alipoanza kusoma magunia ya korosho nikaanza kuhema. Baadaye akawa anasoma khanga za watu migongoni, akagundua kwamba ile aliyoivaa kwenye misiba miaka mitatu ilikuwa inamsuta mke mwenza. Mama hakuwahi kuwa na mke mwenza. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye.

Nilimwomba Msimamizi abadilishe kadi. Akasema imeshapigwa muhuri. Nikamwambia mama kwamba kusoma sana kunaharibu macho.

"Acha yaharibike," akasema. "Yamekaa bure miaka yote hii."

Alasiri moja, darasa lilipokwisha, akaingia chumba cha mbuzi na kusimama mbele ya kadi. Akaweka kidole.

"Mbu-zi... ya ku-ku-ni-a... na-zi." Akageuka, uso umechanua. "Mwanangu, nimesoma!"

Nikampigia makofi. Nilitaka aishie hapo. Kidole kikashuka mstari wa pili, polepole, hadi mwisho, kikasimama.

"Watu wa kale ni nani?"

Nikaanza kupangusa vumbi kwenye dema.

"Jana ulikula mbaazi za nazi. Alizipika mtu wa kale?"

"Mama, aliyeandika ni Msimamizi..."

"Na yale ya kunishukuru yako mstari gani?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, kwa sababu mama akifoka huwa anamaliza. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu, ndani ya lile boma ambalo bibi yangu aliliogopa hata kupita mbele yake. Mama akachukua kalamu yake ya darasani, akafuta "watu wa kale", akaandika juu yake, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima: MAMA. Kisha akaikwapua mali ya umma, akaiweka kwapani, akatoka nayo mlango mkubwa.

Nilifunga boma nikamfuata nyumbani, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga njia nzima. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi yake, lakini hakuwa anakuna nazi. Mbele yake, kwenye mkeka, alikuwa amefungua sanduku la bati na kutoa barua zote za kaka, zimepangwa kuanzia ya zamani kabisa.

"Kaa hapo," akaniambia, akifungua bahasha ya kwanza. "Leo nasoma mimi."